Alama ya chaki kwenye hozi ya breki

Tangu saa mbili asubuhi niko chini ya Land Rover ya marehemu baba, Series III ya 1976.

Mbele nimetoa breki za drum, nimefunga diski. Paipu za zamani hazifiki tena, na moja ilipita karibu mno na ekzosi. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama mpaka chini. Sikutaka kubahatisha.

Nikapinda paipu mpya taratibu kwenye chupa ya soda isijikunje, nikaibana ndani ya chesi, yaani fremu ya gari.

Kisha nikapaka chaki kwenye tairi, nikakata usukani mpaka mwisho.

Hozi, lile bomba la mpira linalopeleka mafuta ya breki gurudumuni, ikarudi na mstari mweupe: tairi lilikuwa likiigusa.

Jamani, nilikaa nikiutazama mstari ule. Mwezi mmoja tu wa barabara ya vumbi na hozi ingekuwa imelika! Nikafungua, nikahamisha kishikio cha hozi.

Jioni tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki, tukianzia gurudumu la nyuma kushoto, mwanangu akikanyaga pedali. Vipovu vikaisha. "Baba, imekuwa ngumu!"

Mliowahi kufunga diski kwenye Land Rover za zamani, hozi mlizipitisha wapi? Wekeni picha.