Kumbukumbu ya mradi: Okapi chakavu, pini mpya au kisu kipya?

Hali yake kabla ya kuanza

Kisu chenyewe ni Okapi cha kukunja, kile cha mpini wa mbao wenye mwezi na nyota za bati, na pete ya chuma mgongoni. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra, meno yakipita chini ya springi. Ukivuta pete kinaachia. Kimemenya machungwa ya Muheza, kimekata kamba za katani, kimechana magunia, na nadhani kuna mtu aliwahi kukifanya bisibisi, maana ncha imepinda.

Ubapa unacheza kushoto na kulia. Mbao imepasuka kuanzia kwenye pini, ile inayoshika ubapa kwenye mpini, hadi nyota ya kwanza. Makali yana mapengo, na ncha ina rangi ya bluu. Bluu hiyo ilinitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Kabla ya kugusa nyundo nilizunguka sokoni, Tanga mjini, nijue nashindana na bei gani. Kisu cha kukunja cha Kichina, kisichoshika kutu, nilitajiwa 8,000, na muuzaji akashuka hadi 7,000 bila kubanwa sana. Okapi kipya sikukipata. Jamaa anayeleta bidhaa kutoka Afrika Kusini alisema 35,000 hadi mkononi. Basi nikawa na bei mbili za kushindana nazo, na kila moja inatoa jibu lake. Watu wengi wakisema "kununua kipya ni rahisi" wanalinganisha kisu kizuri kilichochakaa na kisu hafifu kilicho kipya.

Na hakuna cha ukale hapa wa kupandisha thamani. Okapi vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na Tanga ilikuwa bandari ya koloni mojawapo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo. Ila tangu 1988 vinatoka Afrika Kusini, na changu ni cha huko. Maandishi yamefutika nusu lakini yanasomeka. Kikifa, kimekufa kisu cha kazi tu.

Kupima kilichobaki

Swali la kwanza si pini wala mpini, ni ubapa umebaki kiasi gani. Pini unaweza kuitoa kwenye msumari, mpini ukauchonga. Chuma kilicholiwa na jiwe hakirudi.

Njia ya kupima ni rahisi. Karibu kabisa na pini pana sehemu ambayo jiwe la mnoaji huwa halifiki. Hapo ndipo upana wa asili ulipo. Nikapata milimita 20. Katikati ya ubapa nikapata 16. Kimeliwa moja ya tano. Kwangu mimi hicho bado ni kisu. Kingefika 12 ningeacha palepale na kwenda kutafuta hizo 35,000.

Nikampelekea mzee anayepita mtaani na baiskeli ya kunolea. Baada ya shikamoo na marahaba alikigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Kijana, hiki nikikiweka tena kwenye jiwe langu, utarudi nyumbani na mpini."

Nikamwonyesha bluu ya ncha.

"Hapo pameungua. Aliyekinoa alikuwa na haraka. Hapo hata ukinoa kutwa, makali hayakai."

Hakuchukua hela. Na alisema kweli. Chuma cha kaboni kikipashwa moto hubadilika rangi: kwenye nyuzi 200 na kitu za Selsiasi huwa cha manjano kama majani makavu, na kikikaribia 300 huwa bluu. Ikifika bluu, ugumu wa makali umeshapungua, na grainda hufika huko kwa sekunde chache kwenye ncha nyembamba. Dawa ni kuiondoa sehemu iliyoungua, taratibu, kwa mkono, jiwe likiwa na maji.

Ncha

Nimeondoa milimita 6 hivi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii: chuma usikitoe upande wa makali, kitoe upande wa mgongo. Ukiondoa upande wa makali, ncha mpya inakaa juu karibu na mgongo, na ukikunja kisu inachungulia nje ya mpini. Kwa kisu cha mfukoni hiyo ni paja kuchomwa. Nimeushusha mgongo hadi ukakutana na makali, na sasa ncha inalala ndani vizuri. Kisu kimekuwa kifupi na kina sura ya ukali kidogo, sina ubaya nacho.

Mapengo ya makali yalitoka kwa jiwe la pande mbili, upande wa mchanga mkubwa kwanza. Kazi ya kuchosha, haina la kusimulia.

Pini

Nilisaga kichwa cha pini kwa tupa, nikaisukuma itoke. Ilikuwa imeliwa katikati kama kiuno cha nyigu, ndiyo maana ubapa ulikuwa unacheza. Mpya nimeikata kwenye msumari wa kawaida wa unene unaolingana na tundu. Msumari ni chuma laini, unafulika kwa nyundo bila kupasuka, na hicho ndicho kinachotakiwa kwenye ribiti, yaani pini ya kugongwa vichwa.

Chini nimeweka kipande cha reli cha fundi wa kulehemu. Pande zote mbili za mbao nimeweka washa ndogo, vile vipete bapa vya chuma, ili kichwa cha pini kikae juu ya chuma na kisiupanue ufa. Halafu kati ya ubapa na mpini nikaingiza kipande cha bati la kopo la soda, lenye mkato wa kupitisha pini. Nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, ukizunguka kichwa pande zote. Ukimaliza unalichomoa bati, na ule unene wake unabaki kuwa nafasi ya ubapa kupumua. Bila bati, unaweza kukaza hadi kisu kisifunguke tena.

Ufa wa mbao nimeujaza gundi ya kuchanganya pamoja na unga wa mpingo niliookota kwa wachonga vinyago. Niliwaza kuchonga mpini mzima wa mpingo, lakini mti ule una mafuta yanayokataa gundi, lazima uupanguse kwa asetoni kwanza, na ni mgumu kweli kweli. Tena ningepoteza mwezi na nyota.

Kufuli

Hapa ndipo mradi ungeweza kufa. Jino la mwisho, lile linaloshika kisu kikiwa wazi kabisa, lilikuwa limeviringika. Nimelinyoosha kwa tupa ndogo ya pembetatu, mara kwa mara nikijaribu. Kisha nikavaa glavu nene na kugonga mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kimeshika. Kingejikunja, ningekitoa kwenye matumizi, hata kama kila kitu kingine kimependeza.

Hesabu

Msumari na washa 500. Gundi 4,000. Karatasi tatu za msasa, 2,400. Jiwe la kunolea 12,000. Tupa 3,500. Jumla 22,400.

Jiwe na tupa vinabaki kwangu. Ukiviondoa, kisu chenyewe kimekula 6,900. Yaani shilingi mia moja chini ya kile cha Kichina, na jasho langu nimelihesabu bure. Ningemwachia fundi wa kulehemu, alitaka 10,000 kwa pini peke yake. Kwa bei hiyo cha Kichina kinashinda kwa shilingi. Okapi kipya bado kinashindwa.

Jirani yangu ana Victorinox ya Uswisi, mpini wa plastiki umevunjika. Alidhani dhamana ya kampuni itamwokoa. Dhamana ile haina kikomo cha muda, lakini ni ya kasoro za malighafi na utengenezaji. Kisu kilichochoshwa na mwenyewe hakimo. Bahati yake ni kwamba vipande vile vya pembeni vimebandikwa kwa kubana tu, unang'oa cha zamani na kubana kipya. Kukituma hadi Ibach, kwa kampuni yenyewe huko Uswisi, kwa kazi hiyo ni kutupa hela.

Yaliyobaki

Pete imekonda, nitaweka ya funguo. Kwa kutu nimepaka mafuta ya nazi, ya mashine yanabaki yakinuka kwenye chungwa.

Mama ntilie wa kona ameshasikia habari za jiwe, ameniletea visu vyake vya jikoni. Viwili nitavinoa kwa 1,000 kila kimoja. Cha tatu kina bluu kuanzia ncha hadi karibu na mpini. Nimemwambia hicho akanunue kingine.