Furu, pimbi na kamongo: miungu wadogo wa ziwa langu

Huu mwaka wa tatu sasa natengeneza dunia yangu ya fantasia, naandika kwenye noti za simu, kwenye daladala, kwenye foleni, na usiku umeme ukikatika hapa Nyegezi, Mwanza, ndo napata utulivu kabisa. Dunia yenyewe ni ziwa moja kubwa na watu wanaolizunguka, ziwa nimelipa jina Ndulizi, na huko Ndulizi yupo Mungu mkubwa aliyeumba kila kitu ila yuko mbali, haendewi kwa habari ya wavu kuchanika au mtoto kuharisha. Hayo wanapelekewa miungu wadogo, na miungu wadogo ni wanyama.

Mwanzoni nilikosea vibaya sana. Nilichukua kile ambacho kila mtu anachukua, simba ni ushujaa, bundi ni hekima, nyoka ni ubaya, nikaandika kurasa arobaini hivi nikaona nimemaliza kazi, nikamsomea bibi. Bibi yangu ni wa Ukerewe, siku hizi anakaa na sisi, akasikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo bundi wako anamfundisha nani, wakati akilia juu ya bati watu wanakaa macho mpaka asubuhi wakisubiri habari ya msiba?" Na simba je, kwenye ziwa anatafuta nini? Sikuwa na jibu. Bundi wa hekima si wa kwetu, nilimwokota tu huko huko wanakomwokota wengine wote. Nikafuta kurasa zote arobaini, na kama mwezi mzima sikuandika neno.

Kilichonirudisha ni pimbi.

Ukikaa Mwanza huwezi kukwepa mawe, nyumba zimekaa juu ya mawe, mawe yamekaa juu ya mawe mengine, na asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali pimbi wanatoka kwenye nyufa wanajianika kwa mpangilio kama watu wazima kwenye baraza. Nilianza kuwaangalia kwa makini. Yupo mmoja anakaa juu anaangalia, akiona mwewe anapiga kelele na wote wanapotea kwa mara moja. Wana choo chao kimoja, wanarudi hapo hapo miaka na miaka, na mkojo wao unakauka unaacha ile michirizi myeupe kwenye jiwe. Na hiki ndo kilinimaliza, wataalamu wa wanyama wanasema ndugu zake wa karibu kwa damu ni tembo na nguva, sio panya kama watu wanavyodhani. Kamnyama kanakoingia kwenye ndoo, ndugu yake tembo!

Basi huko Ndulizi mungu wa mawe ni pimbi. Mtu akitaka kujenga juu ya jiwe anakuja kukaa hapo toka alfajiri bila kusema neno, pimbi wakitoka na kuota jua mbele yake amekubaliwa, wasipotoka anahama. Ile michirizi myeupe wazee wanaisoma kama barua. Na kwa kuwa pimbi halali mbali na jiwe lake, mungu huyu hana nguvu hata chembe ukishuka bondeni, ukimwita ukiwa shambani kwenye mpunga hakusikii. Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho tangu siku hiyo kinaongoza kila ninachoandika, kwamba mungu mdogo asiwe picha ya tabia ya binadamu, awe na njaa yake mwenyewe, na hofu yake, na mahali pake, na ibada watu wanayomfanyia itoke kwenye vile anavyoishi mnyama.

Baada ya hapo mambo yakaja yenyewe. Mfano dagaa. Mjomba wangu amevua dagaa miaka mingi, na kila mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anajua dagaa wanavuliwa kwenye giza, mnaweka taa juu ya maji, zamani karabai siku hizi za sola, dagaa wanafuata mwanga na nyavu zinawasubiri. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, mwanga umejaa kila mahali, kwaiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaenda kuona familia. Huko Ndulizi mungu wa dagaa ni wengi sio mmoja, wanaongea kwa pamoja, na mwezi mpevu ni sikukuu yao kwa sababu ndo siku ambazo hawafi. Harusi zote zinafungwa mbalamwezi. Mtoto akizaliwa kwenye giza anaitwa mdeni, maana usiku huo baba alikuwa ziwani anaua.

Nataka niseme kitu hapa kwa sababu kuna mtu aliniambia nabuni mambo ya kizungu. Hapana. Pande zote za hili ziwa letu watu wamekuwa na Mungu mkubwa na chini yake wale wa karibu. Wasukuma wanamtaja Liwelelo, na kwenye shida za kila siku wanawaendea masamva, mizimu ya ukoo. Baganda wana Katonda na chini yake balubaale, na mkubwa wao kwenye mambo ya ziwa ni Mukasa, hekalu lake lilikuwa kisiwa cha Bubembe kule Ssese, wavuvi walimwomba samaki na wanawake walimwomba watoto. Huko huko Buganda, eneo la Buddu, chatu aliyeitwa Selwanga alikuwa na nyumba yake na mhudumu wake na alikuwa ananyweshwa maziwa. Wajaluo wa Nyakach upande wa Kenya wana chatu wao Omieri, akionekana watu wanafurahi, mvua na mavuno vinakuja. Na hapa kwetu nenda Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, utaelezwa habari za Bayeye, chama cha watu wa nyoka wenye ngoma zao na dawa zao za sumu, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Mi nilitoka pale jioni kichwa kimejaa, daladala ya kurudi mjini ikanipitiliza kituo kwa sababu naandika.

Kamongo ndo mkubwa wa miungu wadogo wote, na sio kwa nguvu, kwa umri tu. Kamongo ni samaki anayepumua hewa, anapanda juu anavuta pumzi kama sisi, na maji yakikauka anaweza kujifukia kwenye tope akasubiri. Bibi hamli, anasema huyo ni ndugu yake nyoka na hataki kuongezea maelezo. Sasa kuna jambo nililisoma likanikosesha usingizi, wataalamu walitoboa tope la chini ya Ziwa Victoria wakakuta kwamba miaka kama 15,000 iliyopita ziwa lilikuwa limekauka, haya maji yote unayoyaona ukisimama kwenye kivuko cha Kamanga, hayakuwepo, ilikuwa nyasi. Kwaiyo huko Ndulizi kamongo ndo mungu pekee anayekumbuka ziwa likiwa kavu. Watu wanamwogopa kwa hilo tu. Hawamwombi chochote, wanamletea tope lenye unyevu kwenye chungu wanaliweka ukingoni, kumwambia tafadhali usiwe na haraka ya kukumbuka.

Halafu furu. Hapa sasa ndo nimekwama miezi minne.

Waliozaliwa zamani wanawajua, visamaki vya rangi rangi, vya bei ya chini, watoto wanavua kwa ndoano kwenye mawe. Ziwa lilipojaa tena walizaliana wakagawanyika aina zaidi ya 500, kila mmoja na kinywa chake na kazi yake, huyu anakwangua mwani kwenye jiwe, huyu anavunja konokono, huyu anakula magamba ya wenzake. Mama anaatamia mayai mdomoni, hali chakula, na watoto wakitoka wakaona hatari wanarudi mdomoni kwa mama. Ng'ambo kwa Baganda furu anaitwa nkejje na kuna ukoo mzima ambao huyo ndo muziro wao, yaani ni wa kwao hawamli. Nikiwaza ukoo mzima wa watu wanaosema sisi ni wa kisamaki hiki, hiki hiki kinachouzwa kwa fungu, naona vizuri kabisa jinsi kitu kidogo kinavyokuwa kitakatifu bila kuwa simba.

Huko Ndulizi miungu ya furu ni mamia, kila familia na wake, wa jiwe hili na jiwe lile. Ukimwomba unachota maji ya ziwa unayashika mdomoni, unasema sala moyoni, humezi hutemi mpaka ufike nyumbani. Wanawake wajawazito wanatembea barabarani kimya mashavu yamejaa, na kila mtu anapisha njia.

Na hawa ndo wanaokufa kwenye stori yangu. Kwa sababu walikufa kweli. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na kitu, na ilipofika miaka ya 1980 alishajaa ziwa zima, aina kama 200 za furu hazikuonekana tena. Sio sangara peke yake pia, maji yalichafuka, na furu wanachaguana kwa rangi, jike anatafuta dume la rangi ya kwake, maji yakiwa na ukungu haoni, wanachanganyika aina na aina mpaka zinabaki za rangi moja ya kijivu. Utafiti huo ulifanyika hapa hapa ghuba ya Mwanza. Niliposoma nikaweka simu chini nikatoka nje. Kumbe kuna namna mbili za mungu mdogo kufa, kuliwa, na kutotofautishwa tena na mwenzake. Hiyo ya pili ndo inaniumiza, watu wanaendelea kusali, mdomo umejaa maji, ila jina wanalolitaja halina mwenyewe.

Ingekuwa rahisi kumfanya sangara shetani. Siwezi. Baba alifanya kazi kiwanda cha minofu, ada yangu ya sekondari yote imetoka kwenye sangara, na miaka mingine tulikula mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishatolewa, mama akayaunga nazi tukashukuru. Leo hii mabondo yake, ile mifuko ya hewa ya tumboni, watu wanagombania kuliko nyama. Mgeni wangu anaingia Ndulizi kama mungu mkubwa mwenye njaa, mweupe, asiye na jiwe wala familia, anawapa watu nyumba za bati na shule, na hajui hata kidogo kwamba anaua miungu wenzake, yeye anakula tu kwa sababu ana njaa. Watu wanampenda. Wana haki ya kumpenda. Kila nikiandika sura hiyo naiandika nikimfikiria baba anarudi asubuhi na mabuti yake ya mpira, mikono imekakamaa kwa baridi ya barafu.

Kuna mungu mmoja nimemtoa kabisa, fisi. Alikuwa mzuri sana kiuandishi, wa usiku, wa njia panda, watu wanamchukia na wanamhitaji. Lakini kanda yetu hii fisi anasemwa kuwa ni punda wa wachawi, na vikongwe wameuawa kwa kuambiwa ni wachawi kwa sababu macho yao mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Bibi amebanika samaki maisha yake yote. Ana macho hayo. Siwezi kumwandikia fisi hekalu halafu nikamsomea bibi, na siwezi kuandika kitu ambacho siwezi kumsomea. Labda atatokea mwandishi mwingine ajue namna, mi sijui, nimemwacha.

Wale ndege kongoti na mnandi, na fisi maji (huyu ni mwingine, wa ziwani), bado hawana ibada, nitawarudia.

Sasa kwenye furu nimekwama kwa sababu sura inataka majina. Huwezi kuandika miungu 200 wamekufa ukaacha hivyo, namba haimlizi mtu. Nilianza kubuni majina nikaona yanasikika kama ya dawa za duka. Juzi jioni nikamweleza bibi shida yangu tukiwa tunachambua dagaa pale uani, akanyamaza muda mrefu, afu akaanza kutaja. Wakiwa wasichana kule Ukerewe hawakusema furu tu, walikuwa na jina la yule mwenye mgongo mwekundu wa kwenye mawe, na la yule mweusi wa kwenye matete, na la yule mwenye midomo minene, yote kwa Kikerewe. Ametaja majina saba. Nimeyaandika yote kama anavyoyatamka, ya samaki ambao mimi sijawahi kuwaona mwaloni hata siku moja. La nane akasema lipo, analiona samaki mwenyewe kabisa, mdogo, njano ubavuni, mama yake alikuwa anampenda, ila jina limemtoka.

Kila asubuhi nikimpelekea uji namuuliza. Leo amesema linaanza na "n".