Tulivyopima kama mtaa wa pembezoni mwa mji unatufaa na watoto wadogo

Ukisema unataka kuhamia huko nje ya mji kila mtu anakusifia hewa safi na nafasi ya watoto kucheza, na ni kweli vyote vipo, ila sisi kilichotusaidia kuamua ni vitu ambavyo hakuna aliyetuambia, tulivifukua wenyewe, ndo maana naviandika.

Hali yetu ilikua hivi, mtoto mmoja wa mwaka na kitu, mwingine tumboni, wote wawili tunafanya kazi mjini kati, nyumba imebana. Baba watoto alishaipenda nyumba moja ya kupanga huko pembezoni, ua mkubwa, miti, kimya. Tulienda kuiona jumapili, na madalali wanaipenda sana jumapili maana barabara nyeupe, unafika fasta unajiona kama uko mjini tu. Mimi nikamwambia sawa baba, nyumba nzuri sina ubishi, ila kabla hatujaongelea kodi tukae tuandike siku moja ya kazi saa kwa saa, nani anaamsha mtoto, nani anampeleka, nani anamchukua, na kila mmoja yuko njiani muda gani.

Hiyo karatasi ilisema mengi kuliko dalali. Njia ikikuongezea saa moja kwenda na saa moja kurudi, kwa siku tano hayo ni masaa 10 kwa wiki, kila mmoja. Sasa jiulize hayo masaa yanatoka wapi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto chini ya miaka 5, wanasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala masaa 11 hadi 14 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, wa miaka 3 na 4 masaa 10 hadi 13. Wetu ingebidi aamke saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tuwahi kutoka, kwahiyo usiku lazima awe kashalala mapema, na mzazi anayeingia ndani saa mbili usiku anakuta mtoto kashazima au analia tu usingizi. Ua upo, lakini katikati ya wiki anayeufaidi ni anayebaki nae mchana. Baba watoto akanyamaza hapo, maana yeye picha aliyokua nayo ni kupiga mpira na mtoto jioni, na jioni yenyewe karatasi inamuonyesha yuko kwenye foleni.

Hatukuacha hapo lakini, tukarudi siku ya kazi asubuhi tukaondokea kule kama watu wanaoishi kule, tukarudi tena baada ya mvua kubwa. Ya mvua usiikose. Angalia kuta za nyumba zilizo bondeni, alama ya tope haidanganyi, angalia mitaro inaishia wapi, kuna mitaro inachimbwa vizuri kabisa alafu inamwaga maji kwenye uwanja wa mtu. Nenda na usiku pia, utajua kama taa zipo na kama ule ukimya wa mchana ni ukimya kweli.

Upande wa hela, kodi ilikua nafuu na ndo hoja kubwa ya mwenzangu. Kuna taasisi ya Chicago inaitwa Center for Neighborhood Technology, wao wanahesabu nyumba na usafiri pamoja, wanasema vyote viwili visizidi asilimia 45 ya kipato. Kwa Marekani hiyo, sijui kama asilimia yenyewe inamfaa kila mtu, ila wazo la kujumlisha nimelipenda, maana tulipoweka nauli za wawili na siku za dharura ambazo lazima ukodi gari, ile nafuu ya kodi ikabaki kidogo sana, mpaka inachekesha.

Afya sasa, hapa mimi ndo nilikomaa maana mimba ni yangu. Kichanga sio mtu wa kupelekwa kliniki mara moja, nchi nyingi chanjo zinaanza anapozaliwa, alafu wiki ya 6, ya 10, ya 14, alafu surua miezi 9, hapo hujahesabu homa za usiku. Kwahiyo usiulize tu kama kuna kituo cha afya, wote watakwambia kipo. Uliza kinafungwa saa ngapi, chanjo ni siku zipi, na saa nane usiku unafikaje. Majirani wenye watoto ndo wanajibu vizuri, tena akina mama, ukisalimia vizuri wanakupa mpaka jina la nesi mkali.

Kitu kingine ni barabara mpya ya lami iliyokua inapita karibu na ile nyumba. Wote tuliifurahia mwanzo. Lakini lami ikinyooka magari yanakimbia, na gari la spidi 60 breki zake zinahitaji umbali mara nne ya gari la spidi 30, na upande wa pili wa barabara ndo iko chekechea. Hakuna tuta, hakuna kivuko. Hapo sikutaka mjadala.

Na umri jamani, watu wanachagua mtaa kwa mtoto walienae leo. Wa miaka 2 anataka ua na kivuli, wa miaka 7 anataka shule na wenzake wa kucheza, wa miaka 13 anataka kituo cha basi ili asikutegemee wewe kila safari. Tuliuliza watoto wakubwa wa pale wanasoma wapi, wengi wanapanda gari mbili kurudi mjini. Viwanja vitupu navyo tuliulizia ofisi ya mipango miji, maana kiwanja kitupu leo kinaweza kua gereji kesho.

Mwisho wa siku hatukukataa mtaa, tulikataa ile nyumba. Tukapata nyingine upande wa kuingilia mtaani, unatembea kidogo tu mpaka kituoni, ua mdogo wa kutosha baiskeli ya matairi matatu, na huhitaji kuvuka lami kwenda chekechea. Tumepanga mkataba wa mwaka, hatujanunua kitu. Baba watoto kaomba kazini aanze mapema atoke mapema, wamemkubalia, kwahiyo yeye ndo anamchukua mtoto jioni na mimi nawahi zamu ya asubuhi ya nyumbani. Habari ya kununua kiwanja kaishaanza kuileta tena, nimemwambia tusubiri kwanza wa kwanza aingie darasa la kwanza tujue anasoma wapi.