Macho ya Kimia

Jana usiku mwanangu alinionyesha simu yake. Aligusa picha ya paka kwa kidole, paka akachomoka peke yake, zulia likabaki. "Mama, na wewe kazini ulikuwa ukifanya hivi?" Nikamwambia ndiyo, kisha nikanyamaza, maana nilishamkumbuka Mjomba.

Zilikuwa enzi za kanda za DV, zile za video ya dijitali, nikihariri harusi kwenye kile chumba kisicho na dirisha, kwa sababu kanda za sherehe za kina mama hazikabidhiwi mwanamume. Ikaingia kazi ya tangazo la hoteli: mvuvi arushe kimia, ule wavu wa mviringo wa kurushwa kwa mkono, nyuma yake jua likichomoza baharini. Mvuvi tulikuwa naye. Jua hatukulipata. Asubuhi ile mbingu ilitanda mawingu, na Mjomba alisimama maji ya magoti kwenye mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, upande wa Mikindani, nyuma yake mikoko mitupu. Kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukiondoa nyuma ya mtu kwa rangi yake, tungekitundika wapi? Nikaambiwa nimkate kwa mkono, jua litatoka kanda nyingine.

Sekunde nne. Kwa PAL, mtindo wetu wa video, sekunde moja ni fremu 25, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa hiyo fremu 100. Aliyenifunza kazi alipenda kunikumbusha Max Fleischer, aliyepata hataza ya rotoskopu Marekani mwaka 1917, akichora juu ya filamu fremu moja baada ya nyingine, nami nilijiona niko mlemle. Mwili wa Mjomba haukunisumbua sana. Humchori mtu mzima kwa mstari mmoja: kichwa kina maski yake, yaani mstari wa kukikata unaokizunguka, kiwiliwili yake, kigasha yake, kwa kuwa bega haliendi mwendo wa kiganja. Siku mbili nikawa nimemmaliza.

Kisha kimia kikafunguka.

Fremu ya 40 bado kimekunjwa mkononi, kizito, ukingo mmoja ameuuma kwa meno. Ya 41 meno yameachia. Ya 46 kiko hewani, duara linataka kutimia, risasi, vile vyuma vizito vya ukingoni, zimetangulia pembeni zikizivuta nyuzi, na ndani ya kila jicho la kimia unaona mkoko. Nikikata ukingo wa nje tu, nabeba mikoko yote iliyo ndani ya duara na kuipeleka kwenye jua. Nikikata kila jicho, nilianza kuhesabu katika fremu hiyo moja, nikaachia mia mbili. Hata hivyo nikajaribu. Usiku kucha nikachora fremu tatu. Nilipozicheza, kimia kilikuwa kama waya wa dirishani, na kinatetemeka. Nyuzi zilikuwa kali mno. Kimia kinachopita hewani hakina mistari, kina ukungu.

Alfajiri nikamfuata Mjomba ufukweni. Sikumweleza shida yangu, nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikamtazama akirusha. Mara ya tatu au ya nne ndipo nikaona: nyuzi zilizolowa zinameta, na mikoko nyuma yake ni giza. Sikuwa nikikiona kimia kwa nyuzi zake. Nilikiona kwa mwanga wake.

Nikarudi nikafuta zile fremu tatu. Nikaiamuru programu ibakishe king'aacho na iondoe chenye giza. Kukata kwa rangi kusingefaa: DV ya PAL inahifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi inahifadhi sampuli moja kwa pikseli nne, na ndiyo maana kingo zinazokatwa kwa rangi hutoka na meno. Maski ya mkono niliiacha kuzunguka eneo tu, povu na majani yanayong'aa yasije yakapenya. Risasi nilizichora moja moja. Kimia kikatulia, na kila jicho likaonyesha jua.

Mwenye kazi aliridhika. Nikaenda kumwonyesha Mjomba. Alitazama mara mbili, amekaribia kioo.

"Kimia changu hicho," akasema. "Lakini hapa ni wapi?"

"Si mahali, Mjomba. Ni picha ya bahari tu, tumeiweka nyuma."

"Bahari kuu?"

"Naam."

"Kina kile hakirushiwi kimia, mwanangu. Chaa wako kwenye mikoko."

Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Aliomba nimchezee tena, akasifu namna kilivyofunguka.

Mjomba ametangulia mbele ya haki. Jana, baada ya swali la paka, nilifungua sanduku la kanda nikaitafuta ile mbichi ya Tudor, nimwonyeshe mwanangu. Lebo yake imebandikwa jina la bibi harusi. Kanda zilikuwa ghali, tulikuwa tukirekodi juu yake. Tangazo ninalo, na ndani yake Mjomba anarusha vizuri sana. Mikoko ndiyo sina.