Mama na wale wa kwenye simu

Leo mama kaniuliza maswali mawili kwa pumzi moja. "Yusuf kesharudi kwao? Na yule wa Mwanza kajifungua?"

Nilikuwa nimebana pini mdomoni, nikashindwa hata kucheka. Yusuf ni mtoto wa kwenye kitabu. Yule wa Mwanza ni shoga yangu, nesi, mimba imetimia na imepitiliza siku nne. Kwa mama hao ni watu wa mahali pamoja. Wanakuja baada ya isha, nikikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, kitabu mkono huu na simu mkono huu. Usingizi ukimjia husema, "Haya, wasalimie hao." Sijawahi kumwuliza hao ni akina nani hasa.

Nieleze kidogo. Tuko sita. Tulilala bweni moja miaka minne, kisha kila mtu akafuata riziki yake: mmoja Muscat, mmoja Nairobi, mmoja Mwanza, mmoja Dar, mmoja Morogoro, na mimi niliyebaki Tanga na cherehani yangu. Miaka sita iliyopita wa Dar akafungua grupu ya WhatsApp. Jina lake silitaji hapa kwa sababu lina neno umbea ndani yake na wakwe husoma blogu. Shabaha ilikuwa vitabu. Kila mwezi mmoja wetu ataje kitabu, wengine wakitafute, tusome, tuzungumze. Haijatokea hata siku moja tukasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Huyu kamaliza, huyu ndiyo kwanza anaulizia bei, huyu anasema kasoma kumbe kasoma jalada. (Najijua.)

Badala yake habari za nyumbani zikaanza kupitia mlango wa vitabu. Hakuna kati yetu anayeamka asubuhi akaandika kwamba ndoa yake ina matatizo. Anaandika hivi: "Mashoga, nitajieni kitabu kinene, nina usiku mwingi siku hizi." Basi tumeshaelewa. Wa Nairobi alipoulizia kitabu chenye herufi kubwa, tulijua baba yake hali si nzuri. Wa Dar alipoomba kitu cha kuchekesha, "kisicho na msiba ndani", hatukuuliza ni nani. Tulianza kuchanga.

Ugomvi mkubwa tuliowahi kuwa nao uliletwa na Rosa Mistika ya Kezilahabi. Wa Dar ana binti wa miaka kumi na tano, kakuta ujumbe wa mvulana kwenye simu ya mtoto, akatuuliza ampe kitabu gani. Wa Mwanza akasema Rosa Mistika, bila kufikiri mara mbili. Yeye Kezilahabi ni kama mjomba wake, kwa kuwa Ukerewe iko hapo ng'ambo ya maji. Wa Muscat akaja juu: kitabu hicho kilipotoka mwaka 1971 si kilipigwa marufuku mashuleni? Kwa nini umpe mtoto? Mwanza akajibu kwamba baadaye kilirudishwa na watoto wakakisomea mtihani, na kwamba kinachomharibu Rosa kinaanzia kwa baba anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. "Na wewe, Dar, ulipoukuta huo ujumbe ulifanya nini?" Kimya. Siku mbili nzima wa Dar hakuandika neno. Siku ya tatu akatuma picha ya kitabu kikiwa juu ya mto wa binti yake, bila maelezo. Hatujui hadi leo alifanya nini siku ile ya ujumbe, lakini wote tunajua.

Wa Nairobi naye ana lake. Anapenda kutukumbusha kwamba kitabu kilichomfundisha Tanga kabla hajaiona kiliandikwa na Mkenya: Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambamo kijana wa Tanga mtoto wa mwimbaji wa taarabu anafunga safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kila akija huku kumwona mama mkwe anapiga picha barabara za Ngamiani na kutuandikia kana kwamba yeye ndiye mwenyeji. Tunamwacha.

Sasa habari za mama. Macho yalianza kumpa ukungu mwaka juzi. Akawa anapita kuta kwa mkono, anatia chumvi mara mbili, na anakataa katakata kwamba kuna tatizo. Mtoto wa jicho, daktari akasema, macho yote mawili. Dada yangu mkubwa ndiye aliyelipa sehemu kubwa. Dada ni mtu wa Pangani, kalelewa huko kwa bibi tangu mdogo na mpaka leo hakai mbali na bahari. Huja mara moja kwa mwezi na samaki wake kwenye ndoo na maneno machache, anaosha vyombo hata kama vimeoshwa, anaondoka. Jicho la kwanza limeshatolewa ukungu. La pili ni wiki ijayo. Mpaka hapo hatakiwi kuinama wala kukaa jikoni kwenye moshi, na matone ni mara nne kwa siku. Mwanamke aliyezoea kupika kwa kuni miaka hamsini, mwambie asiingie jikoni uone.

Ilinibidi nimpe la kufanya. Nikaliweka kwenye grupu: kitabu cha kumsomea mtu mzima asiyependa kusomewa. Wa Muscat akajibu kabla sijaweka simu chini: Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert. Sikutarajia angenitajia mtu wa kwetu. Huyu mzee kazaliwa Vibambani, nje kidogo tu ya mji huu, mwaka 1909, tumemkaririshwa shuleni mpaka tukamchoka, na mimi kitabu chake hicho sikuwa nimekifungua.

Usiku wa kwanza mama aligeukia ukutani. Nikasoma tu. Siti kazaliwa Fumba, Unguja, jina lake la utotoni Mtumwa. Anazungusha vyungu vya mama yake, anatembea navyo kichwani, ananadi kwa sauti. Hapo kwenye kunadi mama akageuka. "Ndiyo maana ile sauti ilikuwa hivyo," akasema. "Sauti ya kuuza hiyo. Inatoka tumboni."

"Umeisikia wapi, mama?"

"Bibi yako alikuwa na santuri."

Sikujua. Nina miaka arobaini na tano, sikujua kwamba nyumba ya Pangani iliwahi kuwa na santuri. Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sahani zile zikatapakaa pwani yote. Moja ikafika kwa bibi yangu, sijui kwa mkono wa nani. Mama akaanza kuimba kipande, akakwama, akaanza tena. Nikamrekodi kimyakimya nikatuma. Wa Muscat akamsikilizisha mama mkwe wake, bibi wa Kizanzibari aliyeko Oman tangu ujana wake, na bibi yule akarudisha sauti akimalizia palepale mama alipokwamia. Wazee wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja kitandani Tanga, mwingine Muscat, wakawa wanaongezeana mishororo kupitia simu zetu wiki nzima. Cherehani ililala. Wateja wawili walinifokea kwa sababu ya sare za harusi, na haki yao.

Tulipomaliza Siti, mama akataka kingine. "Cha safari," akasema. Wa Dar akasema ana Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na baada ya Nobeli yake ya 2021 Ida Hadjivayanis akatuletea kwa lugha yetu. Kitabu kikapandishwa basi la asubuhi. Basi likafika, kitabu hakikufika. Siku nne nimekwenda ofisi ya basi, siku nne karani ananiambia "njoo kesho dada, vifurushi ni vingi". Siku ya tano kikapatikana chini ya gunia la dagaa. Nakisoma huku kinanuka mpaka leo. Mama anasema ni harufu nzuri, inaendana na bandari iliyomo ndani.

Yusuf ana miaka kumi na miwili anapopandishwa treni na tajiri ambaye amezoea kumwita kama ndugu wa baba yake. Anadhani anakwenda matembezi. Khalil, kijana aliye dukani kwa tajiri, ndiye anayemfungua macho: yule si ndugu yako, baba yako ana deni na wewe ndiye rehani. Usiku nilipofika hapo mama alinikatiza. "Rudia." Nikarudia. "Mamake alijua?" Nikasema kitabu kinaonyesha kwamba alijua. Hakusema kitu tena, wala hakuniambia niwasalimie hao.

Niliandika kwenye grupu kwamba mama amenyamaza hapo kwa Khalil. Nikaandika tu, kama tunavyoandika yote. Kumbe wa Morogoro alikuwa anasoma palepale.

Huyu wa Morogoro tumezoea kumwita Mama Mapacha, na kati yetu ndiye mchekeshaji. Hakuonekana siku mbili. Halafu usiku, karibu saa sita, akatuma sauti ya dakika saba. Sote tunajua alilelewa Korogwe kwa shangazi yake, alikopelekwa akiwa na miaka tisa. Siku zote alituambia ni kwa ajili ya shule. Kwenye sauti anasema kafunga kitabu, kampigia mama yake Kilosa, kamwuliza kitu ambacho hakuwahi kumwuliza: watoto wako saba, kwa nini mimi? Shangazi alikuwa na uwezo gani wa kulea? Mama yake akazunguka kwanza, habari za mvua, habari za mahindi. Akambana. Mama yake akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa hulii."

Kuanzia hapo mpaka mwisho, karibu dakika mbili, sauti haina maneno. Unasikia feni na pacha mmoja akikohoa chumba cha pili.

Hatukujua la kusema. Wa Nairobi akaandika "pole mpenzi", akaifuta, akaandika tena. Wa Muscat hakuandika kitu, alimpigia moja kwa moja, na nasikia walikaa kwenye simu mpaka alfajiri ya Muscat. Mimi nilichofanya ni kosa, au labda si kosa. Niliicheza ile sauti mbele ya mama. Nilikuwa nimezoea kumsikilizisha kila kitu, habari za mimba ya Mwanza, mashairi ya bibi wa Oman, na ilishaanza kucheza kabla sijafikiri.

Aliisikiliza yote, pamoja na ile feni. Jicho lake lililopona lilikuwa linanitazama vizuri kabisa, na sijazoea kutazamwa hivyo na mama siku hizi.

"Huyo mamake hakumdanganya," akasema. "Unampeleka asiyelia. Anayelia unamwonea huruma, unarudi naye njiani."

Nikauliza amejuaje.

"Miaka ile ya foleni. Unga foleni, sukari foleni. Babako mkonge umemtupa. Nilikuwa nao wawili na wewe uko tumboni. Nikampeleka mkubwa kwa mama yangu Pangani. Kakaye alilia, nikarudi naye. Yeye hakulia. Alikaa kizingitini akanipungia mkono, nikasema, huyu atakaa." Akatulia. "Mpelekee hiyo mamake huyo mtoto. Irekodi. Mwambie na mimi nilimpeleka asiyelia."

Nikairekodi. Ina sekunde hamsini na mbili. Alirudia mara mbili kwa sababu ya kwanza nilitetemesha simu.

Maisha yangu yote nimeambiwa dada anaipenda bahari.

Hayo yalikuwa jana. Leo kaamka mzima, kataka chai ya tangawizi, kadai apelekwe jikoni, kauliza habari za Yusuf na habari za Mwanza kama kawaida yake. Yusuf harudi kwao. Hilo nalijua kwa sababu nimesoma mbele, ila sijamwambia. Mchana kaniuliza kama sauti yake nimeshaituma Morogoro. Nikamwambia mtandao unasumbua tangu asubuhi.

Ninaandika haya saa tano usiku, na wa Mwanza kaingia sasa hivi: "Toleo la kwanza limetoka. Kilo tatu na nusu. Jalada la kike." Grupu nzima vigelegele, Mama Mapacha ndiye wa mbele, kashaanza kumtafutia mtoto kitabu cha picha. Nimempigia mama hodi chumbani kumpa habari, kumbe bado yu macho. Kafurahi, kamwombea. Kisha kauliza dada anakuja lini.

Nimemwambia Jumamosi, na samaki wake.