Dada ya bibi yangu amezikwa ng'ambo

Hapa Nairobi nikisema wikendi naenda kuona bibi watu wa job wanauliza nimeoa lini. Kwetu Illasit, hapo mpakani, bibi ni mama ya mama, vile wanasema Tarakea, na Tarakea ni Tanzania, lakini tukiwa watoto hiyo Tanzania ilikuwa mahali unatumwa ndizi za mtori na urudi kabla maji ichemke.

Ukitoka Emali, upite Kimana, upite Loitokitok, ndio unafika kwetu. Town imetulia, mchana unasikia mbuzi na pikipiki moja moja, na mlima uko hapo juu yenu siku mawingu yametoka. Simu inashika netiweki ya Tanzania ukiwa umekaa jikoni kwa mamako. Ule upande huingii kwa boma ya mtu bila shikamoo, na dukani unasema naomba, mimi mpaka leo nikisema "naomba maziwa" kwa kiosk hapa Pipeline mwenye duka ananiuliza kama mimi ni Mtanzania.

Shuleni tulikuwa tunaambiwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ndio maana mpaka umepinda. Si kweli. Ni Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba 1886, mstari ukatoka kule pwani mto Umba, ukapita Ziwa Jipe, ukazunguka mlima mpaka Ziwa Victoria, na huyo mjukuu Wilhelm alikuwa hata hajakuwa mfalme wa Ujerumani, alikuja kuwa 1888. Mstari ukaacha Rombo moja Kenya na Rombo ingine Tanzania, Wamaasai wa Kisongo huku na huku, na bibi yangu, ambaye ni Mchaga, huku na dadake kule.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka na haikufungua hadi 1983. Sisi tumesoma hiyo kitu kama historia, kumbe bibi ameiishi. Anasema dadake alipata mtoto hiyo miaka na yeye alimuona mara ya kwanza akiwa ameshaanza shule, mtoto akamwamkia kama mgeni. Kila akiielezea hiyo hadithi anarudia hapo kwa "kama mgeni".

Halafu Mei 2020 Rais Uhuru akafunga mpaka wa Tanzania sababu ya korona, mizigo tu ndio ilikuwa inaruhusiwa, na Juni dada ya bibi akafa. Vijana walimwambia bibi watampitisha njia ya panya na pikipiki, dakika chache tu, akakataa kabisa, akasema hawezi kwenda kuzika dadake akijificha kama mwizi. Siku ya mazishi alikaa nje kwa kistuli akiangalia huko juu. Lori la vitunguu lilivuka hiyo siku na yeye hakuvuka. Nilikuwa nimekwama hapa Nairobi, niliambiwa na mamangu kwa simu, na bado inaniuma.

Sasa mnielezee, kwenda Uganda na Rwanda tunatumia kitambulisho tu tangu 2014, kwa nini mzee wa miaka themanini na kitu, ambaye anatembea na miguu kwenda kwa dadake, aanze kutafutiwa kibali?

Nilimtafutia hicho kibali Disemba iliyopita. Asubuhi alikata jani la isale nyuma ya nyumba, lile Wachaga wanapanda kwa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya familia, na ndilo unampelekea mtu ukitaka akusamehe, akalifunga kwa leso. Kule ng'ambo afisa alimwambia afungue leso aone amebeba nini. Akafungua. Yule kijana aliangalia hilo jani, akaangalia bibi, akasema shikamoo bibi, pole, na akatuandikia pikipiki mwenyewe mpaka kaburini. Bibi alikaa hapo karibu masaa mawili akiongea Kichaga pole pole, mimi nilikuwa nimesimama mbali, tukarudi jioni.