Acha Njia ya Jembe Kati ya Mahindi na Maharage

Ukichanganya mahindi na maharage, kabla ya kuhesabu mbegu jiulize jembe litapita wapi. Shamba lililopandwa bila kamba ya kunyooshea mistari halipaliliki kwa wakati. Mpaliliaji anatafuta mche mmoja mmoja, na magugu ya shinani yanabaki.

Mahindi yape sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Hiyo ni kama miche 44,000 kwa hekta. Maharage yasiyotambaa yapate mstari mmoja tu, katikati kabisa, mbegu kila sentimita 10 hadi 15. Kila upande unabaki na sentimita 37 hivi, na jembe linapita vizuri. Wengi hubana mistari miwili humo. Nafasi inashuka hadi sentimita 25, jembe linakata mizizi ya mahindi, na maharage yanarefuka kivulini bila kuzaa vizuri.

Ukitaka mistari miwili ya maharage, sogeza mahindi: mistari miwili iachane sentimita 50, ruka mita 1, kisha miwili tena. Idadi ya mahindi haipungui hata kidogo, na ndani ya ile mita unaweka maharage mistari miwili, sentimita 33 kati yake, yakipata mwanga. Kwangu mpangilio huu ndio bora.

Maharage yakishatandaza majani huyanyima magugu mwanga, ila mwanzoni bado ni madogo, na hapo ndipo wengi hupoteza mavuno. Palizi ya kwanza iwe wiki ya 2 hadi ya 3 baada ya kuota, jembe likwangue juu juu tu, sentimita 3 hadi 5. Ya pili ifanyike kabla maharage hayajatoa maua, la sivyo utayapukutisha. Usiingie majani yakiwa na umande, maana nguo na mikono hubeba magonjwa mche hadi mche. Na dawa za magugu zenye atrazini au 2,4-D, zilizozoeleka kwenye mahindi matupu, huunguza maharage.

Kiduha (Striga) usikichukulie kama magugu mengine. Kinapochomoza kimeshanyonya mizizi ya mahindi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuking'oa hakurudishi kilichopotea. King'oe hata hivyo, kabla hakijachanua: mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa hai ardhini zaidi ya miaka 10.